Nusu Uwanja Chini ya Mlima Rungwe

Mipira miwili niliitoa upepo nikiwa Tanga ili ienee kwenye begi, na sindano ya pampu nikaiacha juu ya friji. Niliikumbuka basi likiwa limeshaipita Mafinga, abiria wenzangu wamejifunika mablanketi, mimi nimejifunika kanga. Mtu wa Tanga ukimwambia kuna baridi anadhani unasifia feni. Wifi yangu alikuwa amenionya kwa simu mara tatu: "Wifi, beba sweta, tena beba na buti. Huku mvua haiulizi mwezi." Mimi nikabeba raba, filimbi na mipira isiyo na upepo.

Wifi aliolewa na kaka yangu miaka kumi na miwili iliyopita. Mahari walipeleka wajomba na baba wadogo. Mimi nilikuwa kwenye mitihani, na tangu hapo safari ya kwenda kwao ikawa ya mwakani, kila mwaka mwakani. Wifi ni mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Mimi Jumamosi huwafundisha watoto wa mtaani kwetu mpira wa kikapu kwenye uwanja wa saruji, kwa sababu tu niliucheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na sikupata namna ya kuuacha. Mwezi mmoja kabla, wifi alinipigia. Shuleni kwao kuna uwanja wa netiboli, akasema, au tuseme ulikuwepo: yamejengwa madarasa mapya yakala nusu ya uwanja pamoja na goli moja. Limebaki goli moja na kipande cha ardhi mbele yake. Na watoto wameona kwenye simu ya mtu wachezaji watatu wakipambana na wenzao watatu kwenye goli moja hilo hilo. "Nimewaambia wifi yangu anaujua huo mchezo wa nusu," akasema. "Usije ukaniaibisha."

Tanga mpaka Chalinze, Chalinze mpaka Mbeya, ni safari ya kuanza alfajiri na kumaliza usiku. Mikumi niliona tembo kwa sekunde mbili. Kwenye mlima wa Kitonga nililala, na jirani yangu wa kiti hakunisamehe mpaka Iringa, maana yeye alikuwa ameombea roho zetu mbili peke yake. Usiku huo nikajitupa kwenye gesti ya Uyole, pale barabara ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi inapoachana na barabara kuu.

Asubuhi nikapanda Coaster. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70, na mtu wa pwani anazisikia zote masikioni, kwa jinsi yanavyoziba na kuzibuka. Baada ya Igawilo gari linapanda tu. Pembeni mwa barabara magunia ya viazi mviringo yamesimamishwa kwa lumbesa, kila moja limefungwa kilemba cha majani juu. Ukungu ulitufunika kabla ya Isyonje, pale njia ya kwenda Kitulo inapochepuka, na kondakta akafunga dirisha langu bila kuniuliza. Mlima Rungwe uko kushoto kwako ukishuka kwenda Tukuyu, mita 2,960 hivi za volkano iliyolala, lakini siku hiyo niliuamini tu kwa maneno ya abiria. Halafu tukafika Kiwira na ghafla kukawa kijani: migomba hadi mlangoni mwa nyumba za watu, na nyuma yake chai, iliyokatwa sawasawa kama nywele za mtoto siku ya kufungua shule.

Nina tabia moja ambayo watu wanaonifuata garini huichoka: kila ninapopita natafuta kwa macho mahali pa kuchezea. Tanga unafunga macho, unanyoosha kidole, umepata uwanja. Hapa nilihesabu kutoka Kiwira hadi Tukuyu na sikupata kitu. Kila penye tambarare pameshajengwa nyumba au kanisa, au pamepandwa migomba. Uwanja kamili wa mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Ukitaka hizo kwenye miteremko hii, lazima umnyang'anye mtu shamba. Nikaanza kuelewa kwamba yale madarasa mapya hayakuwa na ubaya wowote. Yalikuwa yanatafuta tambarare kama mimi.

Tukuyu nilishuka stendi na kitu cha kwanza nilichotafuta ni fundi baiskeli. Mzee huyo alikagua mipira yangu miwili kama daktari anayekagua ulimi, akafungua kopo la maziwa ya unga, akatoa sindano. Aliijaza yote kwa pampu ya mguu, akaidundisha juu ya lami, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ya netiboli hii?"

"Ya kikapu, baba."

"Aa, kikapu. Ule wa yule kijana wetu mrefu aliyekwenda Marekani."

Ndiye huyo, Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa mwaka 2009 na Memphis Grizzlies. Fundi alitaka kujua kama watoto wa Tukuyu nao watarefuka namna ile. Nikamwambia mchezo niliokuja nao haudai urefu sana, unadai akili za haraka. Aliniangalia kwa huruma, akaniuzia na ile sindano.

Nyumbani kwa kina wifi nilivuliwa kanga na kuvishwa sweta zito la kijani kabla sijamaliza salamu. Mama yake akanisalimu "Mugonile", nikajibu "Ndaga", neno pekee nililolijua, na kwa bahati lilitosha. Ikaletwa chai ya maziwa, ndizi za kupika zilizochanganywa na maharage, parachichi kubwa kama kiatu cha mtoto. Nikala mpaka aibu ikaniondoka.

Mchana wa siku hiyo tukaenda shuleni. Watoto wapatao thelathini wa darasa la nne hadi la sita walikuwa wamesimama kulizunguka goli, kama wanaomlinda mgeni. "Shikamoo madam!" Nguzo ilikuwa ya mkaratusi, ringi ya nondo, wavu hakuna, ubao hakuna, maana netiboli haina ubao. Nililipima kwa futi ya kupimia: mita tatu na kitu kidogo. Inashangaza watu wengi kwamba goli la netiboli na la kikapu yana urefu mmoja, mita 3.05. Si ajabu ukijua kwamba netiboli ni binti wa kikapu, alizaliwa Uingereza kutokana na mchezo uliotoka Marekani. Tofauti iko kwenye pete: ya netiboli ina kipenyo cha sentimita 38, ya kikapu 45. Mpira unapita, ila haukupendelei. Kwa watoto wa chini ya miaka kumi na miwili kanuni zinaruhusu goli lishushwe hadi mita 2.60 panapowezekana. Hapa haikuwezekana bila shoka, tukaliacha.

Kanuni za watatu kwa watatu, zile za FIBA, shirikisho la dunia, zinataka uwanja wa mita 15 kwa upana na 11 kwa urefu. Sisi kutoka kwenye nguzo hadi ukuta wa darasa jipya tulipata mita tisa, na kwa upana kumi na tatu hivi kabla ardhi haijaanza kuteremka kuelekea migombani. Lakini kanuni hizo hizo zina busara niliyoipenda tangu nilipozisoma mara ya kwanza: ngazi ya mtaani mchezo unachezwa popote, kwa mpira wowote wa kikapu, na mistari, kama ipo, inafuata nafasi uliyonayo. Sheria chache duniani zinamwambia mtu: anza na ulichonacho.

Tulihitaji tao. Hilo ndilo moyo wa mchezo wote, mstari wa nusu duara unaolizunguka goli, mita 6.75 kwa wakubwa. Wifi akaleta kamba ya katani iliyokuwa imefunga mbuzi wa jirani (katani, ambayo bila shaka ilizaliwa kwetu na ikafika huku kabla yangu). Tukaifunga kwenye nguzo, nikaipima, nikaikata hadi mita tano. Mtoto wa miaka kumi akirusha mpira kutoka mita 6.75 anarusha bega lake pamoja nao. Kisha tukatembea na kamba hiyo tukimwaga majivu ya jikoni nyuma yake. Chini ya pete tukachora nusu duara nyingine ndogo, kama hatua moja na nusu ya mtu mzima. Ardhi ilikuwa na unyevu, majivu yakashika kama rangi.

Kueleza sheria kwa watoto waliosimama ni kazi ya bure. Nikachagua sita, wavulana watatu na wasichana watatu, na wa nne kwa kila timu akakaa nje kama sabu. Hiyo ndiyo timu nzima: watatu ndani, mmoja nje. Nikampa msichana mmoja mpira nyuma ya tao. "Mpe mtu anayekukaba," nikamwambia. Akanitazama kama ninayemwambia ampe mwizi funguo. "Mpe. Halafu yeye anakurudishia. Tunaita cheki." Cheki ndiyo salamu ya mchezo huu. Kila mpira unaposimama, kwa faulo au kwa kutoka nje, unaanza upya hapo juu nyuma ya tao, anayekaba anaushika kwanza, anaona kwamba kila mtu yuko tayari, anamrudishia mshambuliaji.

Ndani ya dakika tatu niliona jambo ambalo sikulitegemea. Wasichana walikuwa wachezaji wa netiboli, tena wazuri. Wanarusha mpira juu ya kichwa, mkono umenyooka, kiwiko hakitetemeki, na mpira unaingia kwenye ile pete ndogo bila kuigusa. Wavulana walikuwa wa soka: wanakimbia vizuri, wanajua nafasi iko wapi, na wawili kati yao waliupiga mpira wangu teke kabla sijapuliza filimbi. Lakini msichana akidaka tu, anaganda. Netiboli imemfundisha hivyo: ukishika mpira huendi nao, una sekunde tatu za kuutoa, na anayekukaba lazima akae mbali nawe kama hatua ndefu moja. Sasa mvulana anamjia hadi puani, na yeye amesimama anasubiri mwalimu aseme "umbali!" Akanigeukia mmoja, machozi ya hasira karibu: "Madam, ananibana!"

"Ruhusa yake," nikasema. "Na wewe ruhusa yako kudunda na kumpita."

Kudunda ndiko kulikokuwa na kichekesho. Kwenye saruji ya Tanga mpira unarudi mkononi wenyewe. Kwenye udongo huu wa volkano, ulionyeshewa asubuhi na kesho utanyeshewa tena, mpira unafika chini na kufikiria. Mvulana mmoja aliudunda, akakimbia, akafika golini peke yake. Mpira ulikuwa umebaki nyuma. Kwa hiyo mchezo ukajigeuza wenyewe kuwa wa pasi, na hapo wasichana wakaanza kucheka. Kocha wa vitabu angesema uwanja haufai. Mimi nilikwisha kuona viwanja vya saruji vikizaa watoto wanaodunda mpira mpaka wenzao wanaota mizizi, na sikusema neno.

Pointi tulizieleza kwa vidole. Ndani ya tao, moja. Nje ya tao, mbili. Hakuna tatu, na mtoto mmoja aliyewahi kutazama NBA alibisha kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kilichowatesa kweli ni sheria ya kutoka nje. Katika mchezo wa goli moja timu zote mbili zinafunga mahali pamoja, kwa hiyo ukimnyang'anya mpinzani mpira, au ukichukua ribaundi ya mtupo wake uliokosa, huna ruhusa ya kufunga papo hapo. Lazima kwanza mpira utoke nje ya tao, kwa kudunda au kwa pasi, na anayeushika huko awe na miguu yote miwili nje. Kukanyaga mstari ni kuwa ndani. Ndipo unageuka mshambuliaji. Na ukifungwa, huendi nyuma ya mstari wa mwisho kurusha kama kwenye uwanja mkubwa. Unauchukua mpira chini ya pete, na yule aliyekufunga haruhusiwi kuugombea ndani ya ile nusu duara ndogo, unautoa nje, mchezo unaendelea. Hakuna kupumua. Wakati unashangilia, mwenzako ameshatoka.

Walisahau. Wakasahau tena. Kila mvulana aliyenyakua mpira alitaka kufunga hapo hapo, na wenzake wote wanapiga kelele "Tao! Tao!" Ubishi ukaja: alitoka, hakutoka. Sikuwa na refa wa kusimama kwenye mstari. Ndipo msichana mmoja mfupi, ambaye mpaka hapo sikuwa nimesikia sauti yake, akasema, "Ainue mguu." Watoto walikuwa pekupeku. Mvulana akainua unyayo, na pale chini ya kidole gumba kulikuwa na alama nyeupe ya majivu. Ubishi ukaisha. Nimesimamia mashindano yenye meza ya waamuzi na saa ya umeme, na sijawahi kuona ushahidi uliopokelewa kwa utulivu namna ile.

Mengine niliyapitisha harakaharaka. Sabu haombi ruhusa: mpira ukisimama, anayetoka anavuka mstari ulio mbali na goli, wanagusana mikono, mwingine anaingia. Mpira uking'ang'aniwa na wawili, ni wa waliokuwa wakizuia. Wakubwa wana sekunde 12 za kurusha na kila timu inahesabiwa faulo. Kuanzia ya saba mpinzani anapewa mitupo miwili. Kwa watoto wa chini ya miaka kumi na miwili saa hiyo haipo, na wala hesabu ya faulo haiwaadhibu. Anayezembea kushambulia refa anamhesabia kwa sauti, tano, nne, tatu. Faulo ya mtu anayerusha inampa mtupo huru, nyingine zinarudi kwenye cheki. Ikiwa hakuna saa ya maana, kama hapa palipokuwa na simu yangu yenye chaji asilimia thelathini, FIBA inashauri dakika kumi na pointi kumi: anayezifikia kumi kwanza ameshinda, muda ukiisha aliye juu ameshinda. Wakubwa kwenye mashindano hucheza hadi 21 ndani ya dakika hizo hizo kumi.

Wakaniuliza kama huu ni mchezo wa kweli au wa kujifunzia. Nikawaambia ulianzia kwa vijana, Olimpiki ya Vijana ya Singapore mwaka 2010, na mwaka 2021 ukaingia Olimpiki yenyewe, ile ya Tokyo iliyochelewa kwa sababu ya korona. Wanaume wa Latvia na wanawake wa Marekani wakaondoka na dhahabu. "Na Tanzania ya ngapi?" Hatukuwepo, nikasema. Kimya kidogo. "Kwa sababu ya uwanja?" akauliza yule mfupi. Wifi akacheka mpaka akashika nguzo.

Sheria ya mwisho ilimhusu wifi zaidi kuliko watoto. Kocha haruhusiwi uwanjani, wala kuelekeza akiwa pembeni au jukwaani. Hakuna. Mchezo ukianza, hao watoto wanne ndio kocha wa nafsi zao: nani atoke, nani amkabe nani. "Hata nikiona wanaharibu?" Hasa ukiona wanaharibu.

Jioni nilimsimulia baba yake hayo, tumekaa jikoni moto ukiwaka, maana sebuleni palikuwa kwa heshima tu. Mzee ana miaka themanini na kitu, Mmoravian wa tangu kuzaliwa. Hilo la kocha kukatazwa lilimfurahisha. Akasema zamani za baba yake, wavulana wa Kinyakyusa wakifika miaka kumi au kumi na moja hawakulala tena nyumbani kwa wazazi. Walijenga vibanda vyao wenyewe pembeni, rika moja pamoja, na kijiji kikakua nao mpaka wakaoa humo. Chakula tu ndicho walichokifuata kwa mama zao, tena kwa kundi, leo kwa mama huyu kesho kwa yule. Nilikuwa nimesoma habari hizo: Monica Wilson, aliyekaa huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliviandikia vijiji vya rika kitabu kizima, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Lakini kusoma ni jambo moja, na kumsikia mzee akilieleza huku akigeuza ndizi kwenye majivu ni jambo lingine. "Nani alikuwa anawaamua wakigombana?" nikauliza. Akashangaa swali. "Si wenyewe, mwanangu."

Aliniuliza na yeye mpira huu ulianza lini. Mwaka 1891, nikasema, mwezi wa Desemba, huko Springfield, Massachusetts. Mwalimu mmoja, James Naismith, alitakiwa atafute mchezo wa ndani wakati wa baridi, akatundika vikapu viwili vya mapichi, akaandika sheria kumi na tatu. Kumi na tatu tu, na vikapu vilikuwa na vitako, kila goli likiingia mtu anapanda ngazi kuutoa mpira. Mzee alinyamaza akihesabu. "1891 ndio mwaka Wamoravian walipofika Rungwe." Akanyoosha kidole gizani kuelekea mlimani, huko misheni iliko. Tangu hapo, mpaka naondoka, aliuita mchezo wetu "mdogo wake misheni".

Siku ya pili tulicheza mechi ya kweli. Timu mbili, kila moja ikiwa na wasichana wawili na wavulana wawili. Hayo waliyapanga wenyewe kabla sijafika. Nikatoa sarafu ya shilingi 200. "Karume au simba?"

Nahodha wa kwanza, mvulana mwenye meno ya mbele yaliyoachana, akakataa kabisa. "Mimi Yanga, madam. Simba sisemi." Basi akabaki na Karume, na simba akaangukia kwa yule msichana mfupi. Sarafu ikaruka, ikatua kwenye majani, simba juu. Nikamweleza: aliyeshinda sarafu anachagua, aanze na mpira sasa hivi, au auache na kuuchukua kama timu zitafungana na ikabidi kuongeza muda.

"Kuongeza," akasema.

Timu yake ilimgeukia kwa pamoja. Mtu unapewa mpira unaukataa? Sabu wake, aliyekuwa tayari amevua sweta, alilivaa tena kwa hasira. Hakujitetea. Akaenda kusimama mahali pake, akaudaka mpira wa cheki, akamrudishia yule wa Yanga.

Sitaisimulia mechi yote. Wa Yanga alifunga mawili ya nje mfululizo na wote tukadhani imeisha. Kisha wasichana wa upande wa pili wakaacha kuganda. Walikuwa wamegundua, na hakuna aliyewaambia, kwamba ukipiga pasi na kukimbia hapo hapo, anayekukaba anaendelea kuutazama mpira. Netiboli ile ile, imeongezewa miguu. Mpira uliteremka migombani mara sita au saba, na kwenye mara ya tatu wakasimamisha mchezo, wakajadiliana bila kututazama, wakarudi na sheria yao: aliyeugusa wa mwisho ndiye anayeufuata. FIBA hawana hiyo, kwa sababu FIBA hawana migomba. Wifi, pembeni, alikuwa ameuma leso ili asiseme kitu.

Simu ikalia ikiwa saba kwa saba.

Wakubwa wakifungana wanaongeza muda mpaka timu moja ipate pointi mbili. Watoto wa umri huu, goli la kwanza linamaliza. Na mpira wa kuanzia ulikuwa wa nani? Kila mtu akamwangalia mfupi. Alikwenda juu ya tao bila haraka, akapokea cheki. Akampa mwenzake, akakimbia, akarudishiwa, akarusha kwa mkono ule wa netiboli ulionyooka. Mpira ukaizunguka pete mara moja na nusu, ukatoka. Wa Yanga akaurukia akaudaka, akakimbia kuelekea tao, akageuka, akarusha, ukaingia.

Upande wake wote ulilipuka. Walimbeba. Akawa juu ya mabega ya watu, mikono angani, na mimi nimeshaweka filimbi mdomoni sijui nipulize nini, maana nilikuwa nimeutazama mpira na si miguu. Ndipo nikamwona juu kule anajikunja. Alivuta mguu wake wa kulia, akaugeuza, akautazama unyayo. Akaomba ashushwe. Akauokota mpira akampelekea yule msichana.

"Nimekanyaga," akasema.

Mvua ilianguka hapo hapo, ile ya Rungwe isiyotanguliwa na matone. Tulikimbilia baraza la madarasa mapya, watoto, walimu, mbuzi. Dakika mbili hazikupita majivu yalikuwa maziwa yanayoteremka migombani, na tao letu likaisha. Mtoto mmoja akachukua chaki, akaandika sakafuni 7–7, na chini yake: mpira wa akina mfupi. Wakakubaliana kuendelea kesho baada ya masomo, pale pale walipoishia. Majivu mapya ataleta nani, nalo wakaligawana.

Mimi kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye Coaster. Anga lilikuwa jeupe, na kwa mara ya kwanza niliuona Mlima Rungwe mzima, kulia kwangu sasa, nikiuacha.

Saa kumi na kitu basi lilisimama Makambako. Simu ikatetemeka, wifi. "Wifi, wamemaliza. Msichana karusha kakosa tena. Kijana kachukua ribaundi, safari hii katoka hatua mbili nje ya tao, akarudi kufunga. 8–7. Wamekagua nyayo zote mbili. Sasa mpira mmoja umeishiwa upepo, wanauliza sindano uliiweka wapi?"

Niliingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, ambalo nalo nilikuwa nimeondoka nalo. Ilikuwamo.